Uzi wa waliochuma kahawa, karafuu na pamba enzi za likizo: hela mliiona?

#1 MjukuuWaKihamba

Wakuu habari za jioni.

Kila likizo ikikaribia naona watu wanaulizana watoto wapelekwe tuisheni gani. Sisi tuliokulia Kibosho, Kilimanjaro, enzi zile swali hilo halikuwepo. Shule ikifungwa mwezi wa sita kahawa za kwanza zinaanza kuwa nyekundu, na ikifungwa Desemba za mwisho bado ziko juu kwenye matawi zinakusubiri. Kati ya hapo ni Jumamosi zote, na jioni ukitoka shule unavua sare, unakula ndizi za mchana zilizopoa, unaingia kihambani, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa.

Kwa wasioijua kazi yenyewe: kahawa haiivi kwa pamoja. Tawi moja lina nyekundu, njano na kijani, kwa hiyo mti uleule unaurudia kila baada ya wiki moja au mbili mpaka msimu uishe. Huwezi kupiga fimbo zikaanguka ukaokota. Ni moja moja, kwa vidole. Bibi alikuwa na sheria mbili tu, usichume kijani na usinyofoe kikonyo. Kijani ikipita kwenye mashine inasagika na kuharibu ladha ya wenzake, na ukinyofoa kikonyo umeondoka na macho ambayo maua ya mwakani yangetokea. Kosa la kwanza unagombezwa. La pili unachapwa, maana umeiba kahawa ya mwakani.

Asubuhi migomba inadondosha umande mgongoni, shati linalowa kabla hujaanza. Siafu wako chini, nyigu wako juu, na vinyonga ndio usiseme. Nilikuwa tayari kukutana na nyoka kuliko kinyonga.

Mbivu hailali. Zilizochumwa leo zinamenywa leo, kwa hiyo jioni ni zamu ya mashine. Ile ya chuma yenye mkono wa kuzungusha, mmoja anazungusha, mmoja anamimina maji na kahawa juu, maganda yanatoka upande huu na mbegu upande ule. Nyumba zisizo na mashine zilikuja kwetu, tukimaliza ni saa nne usiku. Mbegu zinalazwa kwenye pipa siku moja au mbili ule utelezi ulainike, halafu zinaoshwa kwa maji ya mfongo, ule mfereji wa mlimani, mpaka ukizisugua mkononi zinakwaruza. Zinazoelea unazitenga. Zinazozama ndizo zinazopanda kwenye chekeche la waya kukauka, wiki mbili hivi kutegemea jua.

Kazi ya watoto wadogo kuliko wote ilikuwa kulinda chekeche. Mvua ya mlimani haina hodi. Wingu likishuka kutoka juu unakimbia na nailoni kufunika, na kama ulikuwa umeenda kucheza mpira, usirudi nyumbani mpaka baba asinzie.

Sasa swali langu. Kilo 6 au 7 za mbivu ndio unapata kilo 1 ya kahawa safi baada ya kukobolewa kule Moshi mjini. Hizo mbivu zilipita mikononi mwetu na mwa mama. Kadi ya chama cha msingi ilikuwa ya baba, na ilikaa kwenye sanduku lenye kufuli. Malipo ya kwanza alichukua baba, ya pili yakija, chama kikishauza, alichukua baba.

Nyie wa mikoa mingine mlichuma nini, na hela mliiona?

---

#2 Kipepeo_Marangu

Umenikumbusha mbali mkuu. Ila umeruka utamu. Ile kahawa mbivu ukiifyonza ganda lake lina sukari. Tulikuwa tunafyonza halafu mbegu tunatema kwenye kikapu, mama asijue. Si ingemenywa hata hivyo? Tulikuwa tunaisaidia mashine.

---

#3 MjukuuWaKihamba

Hahaha, halafu karani wa chama anazionja kwa heshima zote.

---

#4 Mtambwe_Kaskazini

Assalaam aleikum wanajamvi.

Mimi wa Pemba. Nyinyi mnachuma mkiwa mmesimama chini, mnalalamikia umande. Njooni kwenye mkarafuu sheikh.

Mkarafuu uliokomaa unapita mita 10, na tawi lake halina huruma, likikatika halitoi ishara. Mchumaji anapanda na kamba, anajifunga, anavuta matawi ya mbali kwa upembo, anakata shada zima na kulitia kwenye kikapu. Watoto tulipewa miti mifupi na matawi ya chini, lakini mtoto gani anakubali kubaki chini? Tulipanda. Mwenzetu mmoja alianguka akavunjika nyonga, mpaka leo anachechemea. Kila msimu mkubwa kijijini hukosi habari ya mtu aliyeanguka.

Karafuu inachumwa kikonyo kingali na kichwa kilichofumba. Ukichelewa ua likachanua, thamani imekwenda. Kwa hiyo zao likija kubwa linakuja na haraka yake, na mikono haitoshi. Na zao kubwa haliji kila mwaka, linakuja kwa kuruka miaka. Mwaka ule watu wa bara na Unguja wanamiminika, watu wanapiga dago mashambani, wanalala hukohuko. Skuli zikifungwa ili watoto waende mashambani, na hapana mzazi aliyelalamika.

Usiku ndio kuchambua. Familia nzima imekaa kwenye jamvi, taa ya kandili katikati, mnatenga karafuu na makonyo. Unakamata shada kwa mkono huu, unalisugua kwenye kiganja cha mkono wa pili, karafuu zinatoka. Vidole vinapata moto, maana mafuta yake yanauma, usije ukajifikicha jicho. Makonyo hayatupwi, yanauzwa nayo, pale Wawi kuna kiwanda kinachoyakamua mafuta. Asubuhi karafuu zinaanikwa, siku tatu nne za jua kali zinakuwa nyekundu ya kahawia. Mvua ikiingilia, au ukiziacha mbichi zimerundikwa usiku kucha, zinapauka, na hapo daraja limeanguka.

Hela? Sisi watoto tuliiona. Tukilipwa kwa pishi, palepale, jioni. Anayechuma analipwa kwa pishi alizochuma na anayechambua hali kadhalika, hata kama shamba ni la baba yako. Nguo za Idi nilijinunulia mwenyewe nikiwa darasa la nne. Nikisoma habari ya kadi ya sandukuni nashangaa.

---

#5 Kipepeo_Marangu

Sheikh kwa hiyo mtoto analipwa na baba yake mzazi?

---

#6 Mtambwe_Kaskazini

Analipwa. Asipolipwa anavuka kwenda shamba la jirani, jirani anamlipa. Baba anajua hilo.

Halafu mnunuzi wa karafuu Zanzibar ni mmoja tu, shirika la serikali, ZSTC. Bei anapanga yeye. Kwa hiyo mwenye shamba ugomvi wake ulikuwa na bei, si na watoto. Waliochoka na bei walivusha usiku kwa mashua kwenda Kenya, na hapo naishia, maana baadhi yao ni wajomba zangu.

---

#7 Omukazi_Muleba

Nimesoma nikasema leo siwezi kupita kimya.

Kwetu Kagera kahawa ni ya zamani kuliko Mjerumani. Wazee walichemsha buni za kahawa na majani yenye harufu, wakakausha, mgeni akija anapewa atafune. Ilikuwa heshima, na ilikuwa ya wanaume. Mpaka leo kihamba chetu ukiuliza migomba ni ya nani utapata majibu mengi, ukiuliza kahawa ni ya nani jibu ni moja.

Sisi watoto wa kike tulianza mwezi wa tano. Robusta kazi yake si nyingi kama arabika ya Kilimanjaro, hatumenyi wala hatulowani na maji ya baridi. Unachuma, unaanika na ganda lake mpaka ikiwa nyeusi na ukiitikisa inalia. Lakini kuanika si kumwaga tu. Asubuhi unatandaza, mchana unageuza kwa mguu, mvua ikija unakusanya, jioni unakusanya, kesho tena. Kaka zangu walichuma asubuhi wakaenda ziwani. Mimi na mama tukabaki na mkeka.

Aliyeanzisha uzi anauliza hela. Ngoja nimwambie kilichokuwa kinatuuma zaidi ya kadi. Kulikuwa na butura. Baba akiwa na shida, au akiwa na kiu tu, anauza kahawa ikiwa bado ua juu ya mti. Anapewa hela kidogo, tena mara nyingine zinaishia kwenye rubisi hata nyumbani hazijafika. Miezi inapita, sisi hatujui. Tunachuma, tunaanika, tunageuza, tunaimba. Siku inayofungwa kwenye magunia anakuja mwanaume na baiskeli anachukua. Mama anauliza, baba anaangalia pembeni. Serikali inapiga vita butura miaka na miaka, na haijaisha, kwa sababu shida za Februari hazisubiri mavuno ya Juni.

Kwa hiyo mkuu wa Kibosho, baba yako aliyeifungia kadi sandukuni angalau aliipeleka kahawa chamani.

---

#8 MjukuuWaKihamba

Dada yangu, hapa umenipiga.

---

#9 Wakili_Kivuli

Naomba niwe mchawi wa uzi huu. Haya yote mnayoyasimulia kwa kicheko kwa sheria ya leo yana jina. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Akifika 14 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya wala kumzuia kwenda shule. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inarudia hilohilo. Zanzibar ina sheria zake, ila kwa kipimo hicho mtoto wa darasa la nne juu ya mti wa mita 10 si kazi nyepesi, na skuli kufungwa kwa ajili ya mavuno ndiyo kumzuia kwenda shule kwenyewe.

---

#10 Kipepeo_Marangu

Mwanasheria umekuja na pilato wako. Nani aliajiriwa hapa? Tulikuwa nyumbani kwetu. Kwa mtindo huo hata kuosha vyombo ni kesi. Bila hizo kahawa hata shule yenyewe tusingesoma. Mlimani kule shule nyingi zimejengwa kwa hela za kahawa na michango ya vyama vya ushirika. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, imeandikishwa tangu 1933, waulize wazee waliosomeshwa na kahawa hawatoshi kwenye basi moja.

---

#11 Mwana_Urambo

Samahani wakuu, mimi nitamuunga mkono Wakili.

Nyie mmechuma vitu vinavyoliwa. Sisi Urambo tumechuma tumbaku. Jani la tumbaku linachumwa kuanzia chini kwenda juu, yanayoiva kwanza kwanza, na muda mzuri ni asubuhi na mapema. Asubuhi kuna umande. Unalikumbatia fungu la majani mabichi kifuani, shati linalowa maji yenye sumu ya tumbaku, na ile sumu inapita kwenye ngozi. Saa nne kichwa kinazunguka, unatapika, unalala kwenye tuta. Tulikuwa tunaambiwa ni uvivu, au hukunywa uji. Ukubwani ndipo nimeelewa ulikuwa ugonjwa unaojulikana, unawapata wachumaji wa tumbaku duniani kote, na mtoto anaumia zaidi kwa sababu mwili wake ni mdogo. Mikono inabaki na gundi nyeusi, sabuni haiitoi.

Halafu tumbaku haikusubiri likizo. Inachumwa masika, shule iko wazi. Ukimaliza kuchuma unafunga kwenye fito, yanapanda kwenye bani, lile banda la kukaushia, na moto wa bani hauzimwi usiku na mchana karibu wiki nzima. Ukizidi majani yanaungua, ukipungua yanaoza. Nani anakesha? Vijana wa nyumba. Nimelala darasani mpaka mwalimu akaacha kuniamsha.

Kwa hiyo tukisema "kazi za utotoni zilitulea", tutaje na zao lenyewe.

---

#12 Wakili_Kivuli

Asante. Hilo ndilo nilikuwa nalitafuta, na umelisema bila kutaja kifungu hata kimoja.

---

#13 Ngosha_Bariadi

Aisee uzi mzuri. Nami nilete pamba.

Pamba inapandwa mvua za kwanza, Novemba Desemba, na mwezi wa sita shule ikifungwa vitumba vimepasuka shamba zima ni jeupe. Ukiangalia kwa mbali ni pazuri. Ingia sasa. Kile kikaka cha kitumba kikikauka kinakuwa na ncha, kila pamba unayoitoa kinakuchoma pembeni ya kucha. Siku ya kwanza huhisi, baada ya hapo unashika ugali kwa viganja. Mfuko umefungwa kiunoni, pamba haina uzito, unachuma asubuhi nzima ukiuinua unaona kama hujafanya kitu.

Nyumbani ni kuchambua. Safi huku, fifi kule. Fifi ni ile iliyoingia madoa ya wadudu au ya mvua, bei yake iko chini. Mtoto akichanganya, gunia zima linaweza kushushwa kwenye mizani. Wajanja wa kijiji walikuwa wanamwagia maji au wanatia mchanga katikati iongezeke uzito, na karani mjanja zaidi anaingiza mkono mpaka begani. Huo mchezo wa mkulima na mizani haujaanza leo. Mizani nayo ilikuwa na mchezo wake, usiniulize zaidi.

Raha ilikuwa usiku. Pamba inakaa ndani ya nyumba ikisubiri siku ya mnunuzi, na watoto ndio tunalala juu yake, eti tunailinda. Mpaka leo sijalala kwenye godoro linaloifikia. Tukiamka kichwa kizima ni nyuzi, tunapewa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na chai, tunarudi shambani.

Hela mkuu, ilikuwa hivi. Ukiuza unapewa karatasi. Hela inakuja chama kikipata. Kuna mwaka baba alitunza ile karatasi kwenye Biblia, likizo ya Desemba ikapita, tukafungua shule Januari, karatasi bado iko kwenye Zaburi. Sare hatukupata. Sasa hapo umlaumu nani, baba?

---

#14 Shambaa_Original

Lushoto hatukuwa na msongo wa mawazo kama nyie. Desemba ni plamu na pea. Tunachuma, tunapanga kwenye vikapu vidogo, kubwa kubwa juu, tunashuka na gari mpaka Mombo kuyawahi mabasi ya Arusha na Dar. Dirishani unanyoosha mkono, abiria analipa, basi linaondoka. Hela unaiona siku hiyohiyo. Kasoro moja tu, kuna abiria anayechukua kikapu na basi linaondoka kabla hajalipa. Kama upo humu, nakudai.

---

#15 Mkulima_wa_Muranga

Salamu kutoka Kenya, naomba nichangie ingawa Kiswahili chetu mtakicheka.

Kwetu Murang'a msimu mkubwa ni Oktoba hadi Desemba, na Desemba ndiyo likizo ndefu. Tulikuwa na kazi mbili. Kahawa ya nyumbani unachuna bure, inapelekwa fakitori ya chama, na kama alivyosema huyo wa Kibosho, akaunti ni ya mzee. Lakini upande wa Thika na Ruiru kuna mashamba makubwa. Lori linapita alfajiri kuchukua wachunaji, akina mama wengi, na sisi vijana tunajibanza katikati yao. Malipo kwa debe. Karani anataka debe lijae mpaka kilele kisimame, ukileta la kufika ukingoni anasema rudi. Kile kilele juu ya debe hukulipwa. Hesabu kilele cha kila debe la kila mtu kwa siku moja, uniambie mwenye shamba alipata magunia mangapi ya bure.

Hata hivyo hiyo ndiyo hela niliyoishika mkononi. Viatu vya Krismasi vilitoka hapo. Ya nyumbani sikuiona, ila mzee akisema karo imelipwa nilijua imetoka wapi.

Halafu kuna wakati kahawa ilikuwa dhahabu kweli. Brazil walipigwa na baridi kali Julai 1975, mibuni yao ikaungua, na 1976 na 1977 bei ya dunia ikapanda hadi ikapitiliza. Huko Bungoma mpakani, soko la Chepkube, kahawa ya Uganda ilivushwa usiku kwa vichwa, kwa punda, kwa kila namna, na watu wakajenga nyumba. Mimi nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka mwaka ule kila mti wetu ulichunwa hata za chini kabisa zilizokanyagwa.

---

#16 MjukuuWaKihamba

Ndugu yangu wa Murang'a, Kiswahili chako hakina tatizo, na hesabu ya kilele cha debe nimeipenda.

Huku kwetu miaka hiyo ya bei nzuri vyama vikuu vya ushirika vilikuwa vimevunjwa, 1976 hiyo, vikaja kurudishwa kwa sheria ya 1982. Kwa hiyo wazee wetu wanasema dhahabu ilipita ikiwa mikononi mwa wengine.

Mimi nimechuma kipindi cha kuporomoka. Julai 1989 ule mkataba wa kimataifa wa kugawana mauzo ya kahawa ulisimamishwa, kila nchi ikamwaga kahawa yake sokoni, na bei ikashuka vibaya. Mtoto hajui mambo ya London, ulikosimamiwa mkataba huo. Alichojua ni kwamba mwaka huo tulichuma vilevile, tukamenya vilevile, na malipo ya pili hayakuja. Baba akaacha kununua dawa ya mrututu ya kupulizia. Chulebuni ikaingia, kahawa changa zinakuwa na vidonda vyeusi zinadondoka kabla ya kuiva. Ukiacha kupulizia msimu mmoja tu, wa pili unachuma nusu. Baada ya hapo majirani wakaanza kung'oa kimya kimya, wanaweka nyanya, wanaweka ng'ombe wa maziwa. Maziwa yakawa ya mama. Hapo ndipo nyumbani kwetu mama alianza kushika hela yake, siku kahawa ilipokosa thamani.

---

#17 Omukazi_Muleba

Hiyo sentensi ya mwisho irudie polepole, wanaume humu waisikie.

---

#18 Ngosha_Bariadi

Tumesikia dada, tumesikia.

---

#19 Kijana_wa_Tandika

Wazee wangu mimi nimezaliwa 2001, nimesoma uzi wote nimekaa chini. Mimi utotoni nimeokota embe za jirani na chupa za plastiki. Swali: kama mateso yalikuwa hivyo, mbona mnaandika kama mnapakumbuka kwa mapenzi? Au ni uzee?

---

#20 Kipepeo_Marangu

Uzee una sehemu yake, sikatai. Lakini dogo, kihambani kulikuwa na watu. Watoto wa nyumba tano wanachuma pamoja leo kwa huyu kesho kwa yule, mabinti wanaimba, hadithi zote za mlimani nimezisikia chini ya mbuni. Kazi hiyohiyo ungeifanya peke yako ungelia.

---

#21 Mwana_Urambo

Mimi sipakumbuki kwa mapenzi. Nimeandika kwa sababu mmeuliza.

---

#22 Mtambwe_Kaskazini

Kijana, mimi napenda nusu yake. Ile ya jamvi usiku, harufu ya karafuu mji mzima, bibi akitusimulia Unguja walivyopigwa na kimbunga cha 1872 mikarafuu yao ikalala chini na Pemba ikanusurika, kama vile yeye alikuwepo. Nusu ya juu ya mti siitaki, na wanangu siwapandishi. Nimewaajiri wapandaji wazima, wanangu wanachambua tu, na wanalipwa kwa pishi kama nilivyolipwa mimi.

---

#23 Wakili_Kivuli

Kuchambua jioni, baada ya skuli, bila kupanda, na malipo anapewa yeye. Hapo sina neno.

Mleta uzi, na wewe? Kihamba bado kipo? Watoto wanachuma?

---

#24 MjukuuWaKihamba

Kipo. Mibuni ya zamani niliing'oa nikapanda ile miche mipya ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa ya Lyamungu, inayohimili chulebuni na kutu ya majani, gharama ya dawa imepungua sana. Siku hizi wengi tunapeleka mbivu moja kwa moja kwenye mtambo wa pamoja wa kikundi, kwa hiyo ile mashine ya mkono imebaki ya kuonyesha wageni.

Watoto wakija likizo wanachuma asubuhi mpaka saa tano, basi, wakacheze. Nawalipa kwa ndoo.

---

#25 Omukazi_Muleba

Kwa ndoo shilingi ngapi hatukuulizi. Tunauliza hivi: ndoo ya mtoto ina bei sawa na ya kibarua mzima, au umewakata kwa sababu ni wako?

---

#26 MjukuuWaKihamba

Bei moja. Kibarua mzima namuongezea chakula cha mchana, watoto wanakula nyumbani hata hivyo.

---

#27 Omukazi_Muleba

Sawa. Na mama yao anayewasimamia anapata nini?

---

#28 MjukuuWaKihamba

Akaunti ya kikundi imeandikishwa kwa jina lake. Mimi ndiye naomba.

---

#29 Kipepeo_Marangu

Hahahaha mkuu pole sana. Mwaka huu umeomba ukapewa?

---

#30 MjukuuWaKihamba

Nimeambiwa nisubiri malipo ya pili.